Bei Imo Ndani ya Mtutu

Bunduki ya kwanza niliyoikadiria bei niliikosea kwa karibu pauni mia saba, na kilichonikosesha ni uzuri wake. Mitutu miwili iliyolala sambamba, nyeusi inayoelekea buluu kama shingo ya kanga. Kitako cha mjozi kilichopakwa mafuta hadi unajiona uso. Nakshi za majani na ndege ubavuni. Niliandika kwenye kikaratasi: 800 hadi 1,000. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti bila neno. Siku ya mnada iliondoka kwa pauni 110, na baadaye nikaambiwa kwamba mnunuzi alitaka kile kitako tu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge. Babu zetu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kwa hiyo mwaka 2006 nilipopata kazi ya upagazi kwenye nyumba moja ya mnada katikati ya Uingereza sikuona kitu kigeni. Nilibeba makabati, saa za ukutani, vinanda. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na mnada wa bunduki za kale na za uwindaji, na majuma yale nilishinda kwenye chumba chenye mlango wa chuma, chini ya leseni ya mwajiri. Wenzangu hawakukipenda chumba kile. Mimi nilikipenda. Nimekua nikilala chini ya gobore la babu lililotundikwa ukutani, na harufu ya chuma na mafuta ilinirudisha nyumbani kuliko hata unga wa ugali ninaoununua huku kwenye vifuko vya kilo mbili.

Mzee wangu alikuwa mthamini wa bunduki za marisawa, zile ambazo siku hizi wengi huziita shotigani. Alianza akiwa kijana mdogo, fundi wa kunyoosha mitutu huko Birmingham, kwenye ule mtaa wa mafundi wa bunduki ulio kati ya Steelhouse Lane, Loveday Street na Price Street. Hilo jina la mwisho, ukilitafsiri, ni Mtaa wa Bei. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Zamani kila nyumba pale ilikuwa na fundi wake: huyu anachonga kitako, yule anatengeneza mtambo, wa tatu anachora nakshi tu maisha yake yote, na watoto wanakimbizana njiani wamebeba vipande kutoka dirisha moja hadi jingine. Leo wamebaki wachache wa kuhesabika.

Wiki moja baada ya aibu yangu alinitolea bunduki nyingine, pacha kabisa wa ile kwa sura. Akaifungua, akatenganisha mitutu na mwili wake, akanipa mitutu peke yake. “Sasa kadiria,” akasema. Nikamuuliza nitakadiriaje bila kuona nakshi. Akanijibu kwamba hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja.

Kuna geji yenye fimbo ndefu inayoingia mtutuni na uso wa duara kama wa saa unaosoma unene wa chuma. Igawe inchi moja vipande elfu. Kwa mthamini wa Kiingereza, ukuta wa mtutu ukiwa na vipande ishirini pale ulipo mwembamba kuliko pote, bunduki iko salama sokoni. Hiyo ni karibu nusu milimita, wembamba unaokufanya uishike ile bunduki kwa heshima. Ikishuka hadi kumi na nane, wanunuzi wanaanza kukohoa. Kumi na tano, wanakwenda kunywa chai. Ile yangu ya kwanza, kumbe, ilikuwa kumi na moja upande wa kushoto.

Ilipungukaje? Hapa ndipo uzuri ulipogeuka shahidi wa mashtaka. Mtutu ukipata vishimo vya kutu kwa ndani, fundi huukwangua hadi vishimo vinakwisha, na ndani unang'aa kama kioo. Kwa nje nako ukibonyea au ukichubuka hupigwa msasa, kisha hutiwa weusi upya. Kila mng'aro umekula chuma. Bunduki ya miaka mia moja iliyong'aa kama ya jana imewahi kulipia mng'aro huo, na imelipa kwa nyama yake yenyewe. Tangu siku ile, nikiona weusi mzito unaolingana pote bila mkwaruzo, nastuka kwanza ndipo nasifu.

Geji ya pili hupima upana wa tundu, inchi tisa kutoka nyuma. Bunduki ya kipimo cha kumi na mbili, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote, kikawaida ina tundu la inchi .729. Ikiwa ndiyo namba iliyopigwa chapa na leo geji inasoma .740, basi imetoka nje ya jaribio, yaani mhuri wake wa kupimwa kwa baruti hauna nguvu tena, na Uingereza ni kosa kumuuzia mtu bunduki ya namna hiyo aende kuipigia. Wembamba wa ukuta ni shauri la busara, lakini upana wa tundu ni shauri la sheria. Watu wengi huchanganya hayo mawili. Mimi nimeyachanganya mbele ya mteja, nikasahihishwa mbele yake.

Chapa zenyewe ziko chini ya mitutu, mahali ambapo huzioni mpaka uifungue bunduki. Birmingham ina jumba la kujaribia mitutu tangu 1813, Banbury Street, karibu na reli na mfereji, na bado linafanya kazi. Mtutu hupelekwa pale, hupigwa baruti nyingi kuliko itakayotumiwa na mwindaji yeyote, na ukipona hupewa mhuri. London walikuwa na chama chao cha mafundi kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Mhuri wao ni herufi G na P zilizofumana chini ya taji. Wa Birmingham, hadi 1904, ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana na taji juu yake. Baada ya hapo ni taji juu ya BP. Ukiona umbo la almasi lenye namba 12 na herufi C ndani, bunduki ilijaribiwa kati ya 1887 na 1925. Ukiona msukumo wa baruti umeandikwa kwa tani, jaribio lile ni la baada ya 1954. Hivyo bunduki inayosemwa ni ya babu wa babu inaweza kukuonyesha kwamba ilirudi jaribioni siku za karibuni, na ukajiuliza ilirudi kwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba mitutu ya asili ilikatwa ikaungwa mipya. Kiungo hicho huachiwa alama kama pete ya uzi, inchi mbili tatu kutoka nyuma, na neno la kukitangaza hupigwa chini. Bei huporomoka hapo, hata kama mpigaji hatahisi tofauti yoyote begani.

Kipimo nilichokipenda zaidi hakina namba. Unaitundika mitutu kwenye kidole au uzi, kwa ile ndoano yake ya chini, kisha unaigonga taratibu kwa ukucha au kijiti. Mitutu mizima hulia kama kengele ya kanisa iliyo ng'ambo ya bonde, sauti ndefu isiyotaka kwisha. Ikiwa ule utepe wa chuma ulioiunganisha umeachia mahali, utasikia mkwaruzo, kama sufuria iliyopasuka. Mzee aligonga akiwa amefumba macho. Nami nilianza kufumba, nikaona kweli husaidia.

Nimesema mengi ya chuma kabla ya kulitaja jina, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa maana wateja wote huanza na jina. Anaingia mtu na kifurushi, hata hajakaa: “Hii ni Purdey.” Purdey, kampuni ya London iliyoanza 1814, bunduki yake mpya leo inapita pauni laki moja, kwa hiyo naelewa kwa nini midomo hukauka. Lakini bamba la ubavuni si cheti cha kuzaliwa. Maduka mengi ya miji midogo ya Uingereza yaliagiza bunduki Birmingham zikiwa zimekamilika, yakaandika majina yao juu. Si udanganyifu, ndivyo biashara ilivyokuwa. Udanganyifu ulikuwapo pia: bunduki za Liège, Ubelgiji, zilizopewa jina la fundi mkubwa wa Kiingereza huku herufi moja imebadilishwa. Hizo hujitaja zenyewe ukizigeuza, maana Liège nao wana mhuri wao, herufi ELG ndani ya duara lililorefuka kama yai. Nikiuona huo chini ya jina la London, kazi imekwisha. Nisieleweke vibaya: Liège walikuwa mabingwa, na mitutu mingi ya Dameski, ile yenye michirizi kama maji ya mto kwa kusokotwa chuma na feleji pamoja, imetoka kwao hata kama imo kwenye bunduki ya Mwingereza.

Anwani ndiyo husema zaidi ya jina. Purdey walikuwa namba 314½ Oxford Street, wakahamia South Audley Street mwanzoni mwa 1883. Nusu ile ya namba imeniokoa mara moja, nayo ni siku ambayo sitaisahau.

Alikuja mama mmoja wa miaka themanini na kitu, mjane. Mumewe alikuwa afisa misitu Tanganyika, na yeye mwenyewe alikaa Lushoto akiwa bi harusi. Polisi walikuwa wamempa kibali cha muda cha kuishika bunduki ya marehemu mpaka apate la kufanya. Aliponisikia naongea alinitazama, akauliza nimetoka wapi, kisha akatoa Kiswahili chake kilichokaa kabatini zaidi ya nusu karne: “Haya bwana, bei gani?” Nikacheka. Ndani ya dakika tano alikuwa ananisimulia mchuzi wa kanga wa mpishi wao na baridi ya Usambara, na mimi nilikuwa tayari nimeshaipenda bunduki kabla ya kuifungua. Hilo ni kosa la pili kwa ukubwa katika kazi hii, baada ya kupenda mng'aro.

Kasha lilikuwa la mwaloni na ngozi, ndani kitambaa chekundu, na kwenye kifuniko lebo ya Purdey: 314½ Oxford Street. Mume alimwambia miaka yote kwamba siku ya shida lile kasha litamnunulia nyumba. Nikaitoa bunduki. Haikuwa na jina la Purdey popote. Mtambo wake ulikuwa wa Anson na Deeley, ule uliopewa hataza mwaka 1875, ambao vipande vyake vyote vimejificha ndani ya mwili wa bunduki bila mabamba ya pembeni. Ni mtambo imara, na kwa sababu ni rahisi kuutengeneza ulitengenezwa kwa maelfu. Chini ya mitutu kulikuwa na taji juu ya BP. Yaani lebo ni ya kabla ya 1883, bunduki ni ya baada ya 1904. Tena, ukitazama vizuri, kile kitambaa kilikuwa kimekatwa kidogo kwa wembe ili kitako kipate kulala. Kasha la mwenye jina lilikuwa limempangisha mgeni.

Nilimwita mzee, nikitumaini ataona kitu ambacho mimi sikukiona. Alitazama, akagonga, akapima, akanirudishia. “Mwambie wewe,” alisema, “maana wewe ndiye uliyesimuliwa mchuzi.” Nilimwambia. Nilianza na kasha, kwamba lina wateja. Halafu nikasema bunduki ni nzima, ya kazi, itapata kama pauni 150. Alinyamaza. Kisha akasema “Basi,” kwa Kiswahili, na akaomba maji.

Kasha lilikwenda pauni 620, kwa sababu kuna watu wenye Purdey halisi za zamani zisizo na makasha. Bunduki hakuiuza. Mjukuu wake alikuwa na cheti cha polisi cha bunduki za marisawa, akaichukua. Mpaka leo sijui kama mume alijua ukweli. Nadhani aliinunua vile vile ilivyo, akaamini kifuniko.

Soko lenyewe limebadilika tangu nianze. Bunduki ya kawaida ya Birmingham, nzima kabisa, iliyotengenezwa kwa mikono na watu waliojua walichokuwa wakifanya, unaweza kuiona ikiuzwa chini ya bei ya simu ya mkononi. Wawindaji wanataka za mitutu iliyopandana, mpya, kutoka Italia au Uturuki. Halafu kuna suala la madini ya risasi. Tangu 1999 England imekataza kuwapiga bata kwa marisawa ya risasi, na mwaka 2020 vyama vya wawindaji vyenyewe vilitangaza kwamba wanachama waachane nayo kabisa ndani ya miaka mitano. Marisawa ya chuma ni magumu, na mtutu mwembamba wa zamani uliobanwa mdomoni hauyapendi. Kila tangazo la namna hiyo nimeliona likishuka kwenye vikaratasi vyetu vya makadirio, pauni ishirini hapa, hamsini pale.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba mara nyingine bunduki isiyofaa kupigia huwa na soko jepesi kuliko inayofaa. Zile za pini, ambazo risasi yake ina kisumari kinachochomoza ubavuni, huhesabiwa za kale. Mtu anaweza kuitundika sebuleni bila cheti, maadamu ni pambo na si ya kupigia. Ya kipimo cha kumi na mbili ya kawaida, hata ikiwa na miaka mia na ishirini, inataka cheti na kabati la chuma. Na jozi ni habari nyingine kabisa: mbili zilizozaliwa pamoja, namba 1 na 2 kwa dhahabu juu ya utepe, huzidi mara mbili ya bei ya moja. Nimewahi kukuta namba 2 peke yake, nikakaa siku nzima nikiwazia dada yake yuko nyumba ya nani.

Miaka michache iliyopita simu yangu iliingia picha tatu kutoka Sikonge. Baba mdogo. Gobore la babu, limewekwa juu ya mkeka, limepigwa picha kwa ustadi kabisa. Bambani kuna taji na neno TOWER. Nikampigia.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Umeziona? Huko kwenu wazungu wanatoa ngapi?”

Nikamweleza kwamba TOWER ni jina la ngome ya London iliyokuwa ghala la silaha za mfalme, lakini neno hilo walilipiga hata mafundi wasiohusika na mfalme, wa Birmingham na wa Liège, kwenye maelfu ya bunduki zilizoshushwa Unguja na kupandishwa bara kubadilishwa na pembe. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels yakabana biashara hiyo, ila magobore yalikuwa yameshaenea Unyamwezi kote. Nikamwambia kwa mnada wa huku, likiwa katika hali ile, halifikii hata nusu ya nauli ya ndege. Na kulitoa nchini hawezi, na kukaa nalo bila kibali ni kesi. Alinisikiliza kwa upole wa mtu asiyekubali hata neno moja.

“Wewe hata hujalishika,” akasema.

Hapo alikuwa amesema kweli, na mazoea ya kazi yakanijia. Bunduki yoyote ya kujazwa kwa mdomo, kabla ya kuitazama chochote, tunatumbukiza fimbo mtutuni taratibu mpaka igote, tunatia alama kwenye mdomo, kisha tunailaza fimbo ile kwa nje tuone mwisho wake unafika wapi. Nikamwambia kwanza aangalie kama kuna fataki kwenye chuchu, kile kichomozo cha nyuma ya mtutu kinachovikwa fataki. Hakuna. Basi achonge ufito, akae ubavuni, uso asiuweke mbele ya mdomo. Nilimsikia akimwita mtoto alete panga, kisha akimfukuza aende mbali. Nikasikia ufito ukigota.

“Sasa laza kwa nje.”

Kimya.

“Unafika kwenye chuchu?”

“Haufiki. Umepelea vidole vinne.”

Vidole vinne ni baruti, na kitambaa, na chochote alichokuwa amekikusudia babu. Babu alifariki 1978. Mimi na ndugu zangu wanne tulilala chini ya ukuta ule, tukirusha mipira ya matambara, na mara moja kaka alilishusha tukacheza nalo vita. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Nikamwambia alilaze mdomo ukielekea porini, watoto waondoke, asiliguse tena, apige simu kituoni polisi waje wenyewe.

Alikubali bila ubishi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikadhani amekata simu. Kisha nikasikia pumzi yake, na sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la siri:

“Sasa mwanangu, hiyo ya kuwa limejazwa, inaongeza bei au inapunguza?”